Kiatu cha Mvulana ni Kimoja

Siku ya kuamkia Idi, Mwanawetu alifunga banda lake la vitumbua mapema, akamshika mkono mwanawe Ridhiwani, wakaingia dukani kwa Gharibu, pale barabarani Kibiti yanaposimama mabasi ya Lindi. Duka lilikuwa limejaa mpaka darini. Miaka ile ya foleni kwenye duka la ushirika, mtu alipewa kandambili zilizokuwapo, zimtoshe zisimtoshe, akashukuru. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Mwenye mtaji alileta alichotaka, na Gharibu, ambaye wazee wake walikuwa wachuuzi wa mtoni tangu zama za babu zao, alileta viatu.

Ukuta wa kulia ulikuwa wa wasichana. Palikuwa na vyekundu vyenye ua, vyeupe vyenye kifungo cha lulu, vya buluu vya kamba, na vya kahawia vyenye kisigino cha kumfanya mtoto atembee kama bibi harusi. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa wavulana. Kutoka chini hadi juu kiatu kilikuwa kimoja: cheusi, mdomo mpana, ngozi ya bandia, na juu yake bizimu la bati lisilofunga chochote.

Ridhiwani alikuwa na miaka tisa. Aliutazama ukuta wa kulia, akautazama wa kushoto, kisha akatazama chini. Mwezi uliopita mtoto mmoja wa Dar es Salaam alishuka kwenye basi kuchimba dawa, amevaa viatu vya rangi ya asali vilivyoshonwa kwa uzi mweupe. Ridhiwani alimfuata mpaka kichakani na kurudi, asimsemeshe neno.

"Bwana Gharibu, vya wavulana viko wapi?" Mwanawetu aliuliza.

"Hivyo hapo."

"Hivyo nimeviona sokoni. Na mume wangu kaenda kwa baiskeli mpaka Ikwiriri, kavikuta hivyo hivyo."

"Hata ukienda Utete utavikuta. Mzigo ulikuja mmoja."

"Na hawa wasichana, mizigo yao ilikuja mingapi?"

Gharibu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefunga na jua halijatua. "Mwanamume na urembo wapi na wapi, Mama Ridhiwani? Mwanamume anataka cha kukanyagia tu."

"Huyu anataka kizuri. Muulize mwenyewe."

Gharibu hakumuuliza. Alishusha jozi kwa mti wenye ndoano, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaifunga kwenye gazeti. Viatu vilikuwa vikubwa kidogo. Usiku ule Mwanawetu alivijaza sufi kwenye ncha, akaviweka kando ya kanzu.

Asubuhi ya Idi wavulana wa Kibiti walivua viatu mlangoni mwa msikiti, wakaingia kuswali. Viatu vikabaki nje, vyeusi tii, kama ndugu wa tumbo moja. Swala ilipokwisha na hotuba ikasikilizwa, kila mvulana alitumbukiza miguu katika jozi iliyokuwa karibu naye, akaondoka. Viatu vilijua njia. Kila jozi ilirudi katika nyumba iliyoinunua, na mvulana aliyeivaa akarudi nayo.

Mwanawetu alikuwa akiepua pilau mvulana alipoingia. Alitoa salamu, akavua viatu, akavisukuma mvunguni, akachukua kikombe cha bati cha Ridhiwani, akanywa maji. Kisha akaketi upande wa mlango, mahali pa Ridhiwani. Alikuwa Azan, mtoto wa Mashavu wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye kovu juu ya jicho.

"Mama, nina njaa," alisema.

Mwanawetu alivivuta viatu, akaingiza kidole. Sufi ilikuwamo.

"Kavaa cha hapa, kaja hapa," alisema Mwinyimvua, mumewe, huku akinawa mikono. "Mpakulie, mtoto wa watu asikae na njaa."

Walikula. Mwinyimvua alimega matonge mawili, la tatu akalirudisha kwenye sinia.

Alasiri Mwanawetu alijitanda kanga, akavuka barabara. Alimkuta Mashavu akiosha masufuria.

"Azan yuko kwako?" Mashavu aliuliza.

"Yuko. Amekula."

"Alhamdulillahi. Usimpe pilipili, inamtoa vipele. Mimi nimeletewa mnene huyu wa Chumbi, alikuja kuswali na mjomba wake. Mjomba kaondoka na mwingine."

Mwanawetu alipita nyumba hadi nyumba. Kila mahali palikuwa na mvulana aliyeshiba, na mama aliyekuwa akimtazama pembeni. Karibu na mahakama, uani kwa mama mwingine, Waride, alimkuta Ridhiwani akimwagilia mchicha.

"Shikamoo, mama," alisema Ridhiwani, kama mtoto anavyomwamkia mama wa watu.

"Marahaba, Ridhiwani."

"Mimi naitwa Abdulatifu." Hakusema kwa ufidhuli. Alikuwa akimsahihisha mgeni.

Mwanawetu akamshika mkono. "Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa," alisema, akautoa mkono wake polepole. "Nikiondoka mama ataniuliza."

Waride akaleta kigoda, akamkaribisha, wakaketi wote wawili wakiitazama ndoo ya maji.

"Wangu alikuwa akirusha mawe juu ya mabati ya watu," Waride alisema. "Huyu akitumwa, anakwenda. Sikwambii simtaki wangu, mwenzangu. Lakini niache nipumzike kidogo."

"Tubadilishane viatu. Yeye avae vya kwangu, aje kwangu."

"Tutabadilishana leo, na Ijumaa watachanganyika tena. Utatembea na viatu mkononi mpaka lini?"

Wako waliotembea navyo. Kwa wiki kadhaa, kila Ijumaa baada ya swala, wanawake walionekana wakivuka barabara na jozi mkononi, wakibisha hodi, wakivalisha na kuvua. Ijumaa iliyofuata kazi ilianza upya. Wakachoka. Mwanawetu hakwenda nao. Hakutaka mtoto wa kumpokea leo na kumtoa kesho kutwa. Azan kila Ijumaa aliijua jozi kwa ile sufi, akarudi nayo. Mwanawetu alimlea, akamkatia kucha, akamnyima pilipili, na kila alipomwita Ridhiwani yule mtoto aliitika.

Lakini moyo wa mzazi haulali. Mama yake Mwanawetu alikuwa msusi wa mikeka, na ndani ya nyumba palikuwa na ukindu uliobaki. Akauchemsha katika rangi, mwingine zambarau, mwingine manjano, mwingine kijani cha jani la mpunga. Akavibandua viatu mabizimu yake ya bati. Akasuka utepe mwembamba, akauzungushia kisiginoni na kuupitisha juu ya kidole gumba, akaushona kwa sindano ya mikeka mpaka vidole vikamtoka malengelenge. Mwinyimvua, aliporudi kutoka shamba la Mkongo, alivigeuza geuza viatu vile mikononi.

"Angenishonea mtu hivi nilipokuwa mdogo," alisema, kisha akaenda kuoga.

Ijumaa Azan alivivaa kwenda msikitini. Mwanawetu akasimama ng'ambo, kwenye kivuli cha fundi baiskeli. Wavulana walipotoka, Ridhiwani alikuwa katikati yao. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kuingia kwenye kiatu cheusi alipoona vile vya ukindu. Akautoa. Akasimama anavitazama, kama alivyomtazama yule mtoto wa basini. Kisha akachutama, akavivaa taratibu, akaanza kutembea. Mwanawetu alimfuata kwa mbali, asimwite. Walifika nyumbani, Ridhiwani akanywa maji, akaketi upande wa mlango.

"Mama, nina njaa."

Ndipo Mwanawetu alipokumbuka kwamba siku nzima hakuwa amepika kitu.

Azan alivaa jozi iliyobaki, ikampeleka kwa watu wa njia ya Mkongo. Jioni Mashavu alikuja kumuulizia.

"Hayupo," Mwanawetu alimwambia.

"Ulijua ukitia ukindu, mwanangu hatakaa."

"Nilimtaka wangu."

"Kila mtu anamtaka wake," Mashavu alisema. Hakuwa na hasira, ila uso ulimlegea kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake. "Basi nipe ukindu kidogo."

Mwanawetu alimpa wote uliobaki. Siku chache baadaye palikuwa na viatu vyenye utepe mwekundu, vyenye vishada, vyenye vipande vya kanga, na wavulana wakaanza kurudi makwao mmoja mmoja. Azan naye alirudi. Gharibu alivitazama kutoka mlangoni mwa duka lake, akasema vinapendeza, lakini ni vya kike.

Ridhiwani alivivaa vyake hata shuleni. Jumatatu moja mwalimu wa zamu alisimama mstarini na wembe, akawaita wavulana wenye marembo, akavikata viatu vyao nyuzi. Alifanya kazi yake vizuri, hakuumiza mguu wa mtu. Ridhiwani alirudi nyumbani na ukindu wake mfukoni mwa kaptula.

Mwinyimvua alikwenda shuleni.

"Sheria inasema viatu vyeusi, mzee wangu," mwalimu alimweleza. "Si sheria yangu. Hata mimi, yuko kwangu mtoto wa watu."

"Na wasichana, mbona wanavaa vyekundu?"

"Wasichana sheria haikuwataja."

Mwinyimvua akaaga.

Ijumaa hiyo Mwanawetu alimwogesha Ridhiwani yeye mwenyewe, akampaka mafuta ya nazi, akamkazia macho uso ule kama mtu anayehifadhi sura ya Kurani. Mguu ulikuwa umekua, sufi haikuwamo tena. Hakukuwa na alama ya kumwonyesha jozi ya kurudi nayo. "Nenda na salama," alimwambia, na Ridhiwani akaenda na viatu vyeusi miguuni.

Mchana aliingia mvulana wa Nyamisati, au wa huko huko pwani, mwembamba, ambaye Mwanawetu hakuwahi kumwona. Baada yake wakaja wengine, kila Ijumaa wake. Mwanawetu aliwajua kwa walavyo: huyu hali samaki, huyu anapenda ukoko. Aliwaita wote Ridhiwani. Mwezi wa mpunga Gharibu alipokea mzigo mpya. Ukuta wa kulia ulipata viatu vya dhahabu na vya fedha. Wa kushoto ulijazwa pale palipokuwa pamepungua.

Siku moja yule aliyekuja alisimama mlangoni asiingie. Alikuwa akilia bila sauti. Mwanawetu akamketisha kwenye kinu, akamvua viatu. Visigino vilikuwa vimechubuka, nyama nyekundu ikionekana. Akachemsha maji ya chumvi, akamkanda.

"Sivipendi viatu hivi," mtoto alisema.

"Hakuna anayevipenda," Mwanawetu akamjibu, akampakulia wali.

Wakati huo Ridhiwani alikuwa Chumbi, kwa watu ambao Mwanawetu hakuwajua. Wauza mpunga walileta habari zake. Walisema hajambo, wanamlea vizuri, ila kiatu kinambana.