Beseni la Chumba cha Nne

Kerstin alinipa beseni la maji ya uvuguvugu, vitambaa viwili na taulo, kisha akausukuma mlango wa chumba cha nne kwa kiwiko.

"Mgonjwa mpya, amevunjika mguu jana kwenye barafu. Leo unamwosha peke yako. Mimi naangalia tu."

Nikaingia na tabasamu langu la kikazi. Kitandani alikuwa amelala Mama Adrienne.

Maji yakanimwagikia viatuni. Kumbe ndiyo maana Gaëlle alinipigia mfululizo tangu alfajiri, nami, nikiwahi zamu, nilikuwa nimeizima simu na kuifungia kabatini kama wodi ilivyotaka.

Mama Adrienne alikuwa mama yake Gaëlle, na Gaëlle ndiye mwanamke niliyetaka kumwoa. Nilitaka, narudia, kwa sababu mwezi mmoja kabla ya hapo baba yangu mdogo Vénant alikwenda kwao, mtaa wa Rinkeby, kuniposea, amevaa suti na tai. Alipokewa vizuri, akalishwa fufu na dagaa wa sambaza mpaka akalegeza mkanda, halafu akapewa jibu la kurudi nalo: "Binti yangu nilimulea juu ya kuolewa na avocat. Huyo Maître wenu sasa anasomea kufuta watu matako. Arudilie ile sheria yake kwanza, halafu mukuje tuongee."

Maître ni mimi; ndivyo wakili anavyoitwa kwetu. Nilisoma sheria Bukavu, nikaapishwa, nikatetea watu miaka miwili kwa joho jeusi kabla vita havijanikimbiza. Hapa Stockholm shahada ile ilinifaa kama kandambili mwezi wa Februari. Nilifagia vituo vya treni, nikapanga vifurushi ghalani, na kila Jumapili kanisani Spånga watu waliendelea kuniita Maître na kuniuliza kesi za mashamba waliyoyaacha kule Walungu. Halafu, nikiwa na miaka thelathini na sita, nikasikia kuna chuo kinachowapokea wenye shahada ya jambo lolote na kuwafikisha kwenye uzamili wa uuguzi. Darasani nilikaa kati ya mhandisi wa madaraja na msichana aliyesomea kupiga filimbi. Niliipenda kazi ile haraka kuliko nilivyotarajia. Shida ilikuwa yule wakili, aliyekataa katakata kunitoka.

Kerstin, muuguzi aliyenisimamia wodini, alishaniangusha mtihani wa vitendo mara moja. Kuna mzee nilimuuliza alikwenda choo lini mara ya mwisho, na kama yupo mtu anayeweza kuthibitisha. Asubuhi hii ya Machi 2009 ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na ya mwisho. Nikianguka tena, narudi kwenye vifurushi.

Sasa sikia mtego wenyewe. Kwetu mwanaume hali na mama mkwe wake, hamkazii macho, hakalii kiti alichokalia yeye, seuze kumvua nguo! Ningemwosha, ndoa ingekufa pale pale, na hakuna mzee wa kwetu ambaye angeifufua. Kwa upande mwingine, chuo kilikataza mwanafunzi kupimwa akimhudumia jamaa yake. Ningesema tu "huyu ni mama mkwe wangu," ningepona. Lakini kwa haki gani? Alishanikataa. Kujiita mkwe mbele ya mama aliyekataa posa, tena amelala, tena bila wazee, ni ukosefu wa adabu ambao nao ungeiua ndoa ile ile. Nilitafuta kifungu cha kunitoa hapo, sikukiona.

"Naomba mgonjwa mwingine," nilimwambia Kerstin.

"Kwa sababu gani?"

Nikafungua mdomo. Mimi niliyewahi kusema asubuhi nzima kumtetea mwizi wa mbuzi, sikupata hata neno moja. Kerstin alisubiri, kisha akatoa kalamu mfukoni.

Mama Adrienne alikuwa amevuta shuka mpaka kidevuni, macho darini. Alikuwa anafikiri, na nilijua anafikiri nini, maana kwa akili alinishinda mbali. Akinyamaza tu, basi ama nitamwosha ama nitaanguka, na kwa vyovyote Gaëlle anabaki nyumbani bila mtu wa kulaumiwa. Niliogopa kuliko siku yoyote mahakamani. Nilimpenda Gaëlle, na nilikuwa nimesimama pale maji yanapoa mikononi mwangu.

Kerstin alimgeukia kwa ile sauti ya juu ya Waswidi wanapoongea na wageni. "Unakubali mwanafunzi huyu akuoshe?"

Mama Adrienne alinipima kwa pembe ya jicho: beseni, vitambaa, viatu vilivyolowa.

"Nej," alisema. Kiswidi chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo kilinyooka. "Huyu hawezi. Huyu ni mume wa binti yangu."

Kerstin akatutazama kwa zamu. "Mbona hukuniambia?"

"Ndiyo kwanza nasikia," nilimjibu, na sijawahi kutoa ushahidi wa kweli kuliko ule.

Beseni akalichukua mwenyewe. Mimi nikapewa dereva wa basi mstaafu wa Norsborg, chumba cha sita, nikamwosha kuanzia kisogo hadi vidole vya miguu huku naimba kwa Kishi, lugha ya kwetu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kerstin akanipitisha.

Mchana nilirudi chumba cha nne. Sikuingia. Nilisimama nje ya kizingiti, nimegeuza mgongo kama inavyotakiwa, uso kwenye ukuta wa korido.

"Mama, unahitaji kitu?"

"Huyu muzungu wako ananiosha na maji ya baridi kama gari."

"Nitamwambia, Mama."

"Yule muzee wa pale alikuwa anacheka. Ulimufanya nini?"

"Nilimwosha tu, Mama."

"Mm." Nikasikia anajigeuza kwa taabu, na kwa shida nikajizuia kwenda kumsaidia. "Mwambie Vénant arudi dimanche, mukitoka kanisani. Akuje na njaa."

Kerstin alikuwa anapita na toroli la dawa, akasimama, akauangalia ukuta, akaniangalia mimi.

"Unafanya nini hapo?"

"Naongea na mama mkwe wangu," nilimwambia.