Tusiulizane Kwetu

Watu wa Kebirigo walimwona Machogu kuwa amechanganyikiwa kidogo, na hawakumficha. Mtu husafiri akiwa na shughuli. Amefiwa, anapeleka mgonjwa, anafuata ng'ombe wa mahari, au ameitwa na serikali. Mzee huyu, kila mwaka wimbi, yaani ulezi, ukishavunwa, alivaa koti lake la kijivu, akachukua kikapu na blanketi, akapanda lori hadi Kisumu, akaingia melini, akazunguka ziwa lote la Victoria na kurudi palepale alipopandia. Hakununua kitu wala hakuuza kitu.

"Sasa ulienda kufanya nini?" ndugu yake Ombui alimwuliza mwaka wa kwanza.

"Kukaa," Machogu akajibu.

"Kukaa? Si ungekaa hapa? Viti vipo."

Ombui hakuelewa, na sidhani kama alijaribu. Machogu alikuwa kuli kwenye gati ya Kisumu tangu ujana wake. Alipanda ngazi ya meli na mzigo mgongoni, akateremka mikono mitupu, akapanda tena. Meli ikijaa ilipiga honi ikaondoka, naye akabaki gatini akijifuta jasho na kujiuliza wenzake wanaona nini huko mbele. Kisha robota la pamba likamwangukia likamvunja mguu. Alilala hospitali muda mrefu, na akiwa amelala hivyo mwanawe wa pekee, Ombati, akaoa. Ombui ndiye aliyesimama mahali pake, akapeleka ng'ombe, akala karamu ya watu na kurudi na sifa. Machogu alipotoka hospitali akichechemea, kazi ilikuwa imekwisha, na haukupita muda mrefu mkewe akafa.

Akabaki na nyumba yake. Hatua chache kutoka hapo ilikuwa nyumba ya Ombati, ambayo hakuwa ameingia hata siku moja na hangeingia mpaka azikwe. Ndivyo ensoni ilivyo kwa Wagusii, ile haya kubwa ya wakwe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hali chakula mbele ya mke wa mwanawe, hamtanii, hamgusi. Nyaboke, mke wa Ombati, alikuwa mtoto wa watu mwenye adabu kabisa. Ugali wake ulifika moto, umefunikwa vizuri, ukawekwa mlangoni, naye akaondoka ameinamisha kichwa. Machogu alikula akitazama ukuta. Hakuwa na la kulalamikia, na hilo ndilo lililomchosha, kwa sababu mtu mwenye la kulalamikia angalau hupata wa kumsikiliza.

Melini mambo yalikuwa mengine. Abiria wa daraja la tatu walilala sitahani chini ya turubai, bega kwa bega, na Machogu alijua mahali pazuri karibu na bomba la moshi, ambapo bati lilikuwa na joto asubuhi. Alipenda mtetemo wa injini chini ya makalio yake. Alipenda chai ya kopo. Alipenda kuwaona Waganda wakigombana kwa heshima, na wanawake wa Ukerewe wakisukana nywele. Zaidi ya yote, alipenda kuambiwa, "Mzee, hebu sogea kidogo." Nyumbani hakuna aliyemwambia asogee. Angeweza kukaa mahali pamoja mwaka mzima asiwe njiani mwa mtu.

Basi mwaka ule, nadhani ulikuwa hamsini na nne, meli ilitia nanga Musoma na wauza samaki wakaja. Machogu akasikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikipambana na mchuuzi.

"Hii haina magamba! Mimi nakula ya magamba. Hii ya ndevu peleka kwa nyinyi."

"Mama, kambare ni mtamu kuliko ngege."

"Utamu yake iko na wewe. Leta ile ingine, na usinipatia ile inaangalia mimi kama iko mgonjwa."

Kiswahili kile kilikuwa kimetoka milima ya Gusii moja kwa moja, hata bila kupiga mswaki. Na kukataa samaki asiye na magamba, huyo alikuwa Msabato. Machogu akageuka, akamwambia kwa lugha yao, "Mama mong'ina, mwache. Huyo hapunguzi hata umlilie."

Mwanamke akamtazama. Alikuwa wa makamo yaliyokwisha kusogea, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, macho ya mtu aliyezoea kucheka. "Ee! Kumbe nimeaibika mbele ya mtu wa kwetu."

Machogu akafungua kinywa kuuliza yale ambayo kila Mgusii huuliza kabla hata salamu haijapoa. Wewe ni wa ukoo gani, binti wa nani, umeolewa wapi? Mwanamke akainua mkono wenye samaki kumzuia.

"Usiulize, mzee mogaka. Najua unakokwenda. Ukiuliza utakuta shangazi yangu ameolewa kwa binamu yako, tutaanza kuinamisha vichwa, na safari ni ndefu. Mimi nina mdomo, unaniwasha. Tusiulizane kwetu."

"Nikuite nani, basi?"

"Niite mwenye samaki."

Machogu alicheka hadi mguu ukamuuma. Hakukumbuka alipocheka hivyo mara ya mwisho. Wakamla ngege yule katika sahani moja ya bati, na tangu hapo wakawa wanakula pamoja.

Alikuwa mjane. Alikuwa na mtoto Bukoba, fundi cherehani, na alisema anakwenda kumwona. Siku ya pili akakiri jambo jingine. "Usije ukamwambia mtu. Mwanangu nampenda, lakini mimi meli naipenda kuliko Bukoba. Hapa hakuna jembe. Hakuna anayeniita. Nakaa tu, na watu wananipita."

"Kukaa," Machogu akasema.

"Kukaa! Wewe unaelewa."

Mtu akikuelewa neno moja ulilolibeba peke yako kwa miaka, unaweza kumpenda kwa hilo tu. Sisemi Machogu alijua kwamba anapenda. Alijua tu kwamba asubuhi aliamka mapema kwenda kwa mpishi wa meli kumwombea maji ya moto na maziwa, kwa maana mwenye samaki hanywi chai wala kahawa, na kwamba alibeba kopo lile kwa mikono miwili, akichechemea, akiomba lisimwagike.

Mwanza walishuka pamoja. Walitazama mawe yale makubwa yaliyopandiana pwani, na mwenye samaki akasema aliyeyapanga hakika alikuwa amelewa. Walinunua mihogo ya kuchoma sokoni. Walibishana kama vitenge vya pale ni ghali kuliko vya Kisii, wala hawakununua. Mwanamke alipunguza mwendo ili Machogu asiachwe, akifanya kana kwamba yeye ndiye aliyechoka. Jioni alimwuliza habari za mguu. Machogu akapandisha suruali kumwonyesha kovu, mwanamke akalifuata kwa kidole kutoka gotini hadi kifundoni, akasema, "Pole. Hilo robota lilikuwa na roho mbaya." Tangu mkewe azikwe, mguu ule haukuwa umeguswa na mtu. Machogu alitazama maji ili asitazamwe machoni.

Usingizi ulimpaa. Kesho Bukoba ingeonekana, mwanamke angeshuka, na yeye angeendelea na mzunguko wake wa kipumbavu, Port Bell, Kisumu, lori, Kebirigo, ugali uliofunikwa. Walikubaliana wasiulizane, sawa. Lakini mtu usiyejua kwao utampata wapi tena? Sokoni Keroka, umwulize kila mama kama ni mwenye samaki? Yeye mjane, mimi mgane, Machogu alijiambia. Kuna kosa gani mzee kupiga hodi nyumba ya mtu?

Asubuhi walikuwa wanakula viazi vitamu katika ile sahani yao, na vilima vya Bukoba vimeanza kuonekana.

"Nataka kujua njia," Machogu akasema.

"Njia ya wapi?"

"Ya kwako. Nije siku moja kupiga hodi. Mchana, watu wakiona."

Mwanamke akakifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri. "Nilikuomba usiulize."

"Najua. Nimeshindwa."

Akatabasamu, na hapo akawa kama msichana. "Haya. Nyamache. Ukishuka sokoni uliza Bonareri, mjane wa Omwenga, yule aliyekuwa na kinu cha maji. Hata mtoto atakuleta."

Machogu alilijua jina la Omwenga wa kinu. Ng'ombe wa Machogu mwenyewe, aliowanunua kwa mgongo wake, walikwenda katika boma lile wakipelekwa na Ombui. Aliyemletea ugali mlangoni kila siku alizaliwa katika nyumba ile. Huyu aliyekaa mbele yake alikuwa mama yake Nyaboke, na kati ya wazazi wa mke na wazazi wa mume ensoni ni nzito. Hawali pamoja, hawataniani, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka.

"Na wewe?" Bonareri akauliza. "Sasa nimesema, sema na wewe."

Angeweza kudanganya, aseme anatoka Keroka. Nimelifikiria sana jambo hilo, na hata mimi ningesema Keroka. Neno lenyewe lilikwisha kufika ulimini. Ila mwili wa mtu hulelewa kabla ya akili yake, na mkono wa Machogu ulikuwa umekwisha kutoka kwenye sahani. Aliuweka mapajani na kuufunika kwa ule mwingine.

Bonareri aliutazama mkono ule. Tabasamu likabaki usoni kwa muda, halina kazi, kisha likaondoka.

"Una mtoto aliyeoa kwetu," akasema polepole.

"Ombati."

"Ombati wa Kebirigo. Wewe ndiye uliyekuwa hospitali."

"Ni mimi."

Hakupiga kelele. Alivuta shuka lake mabegani, akajifunika kichwa na uso, akainuka akiwa amempa mgongo. Machogu naye alikuwa amegeukia maji. Alisikia miguu yake ikiondoka, ikiruka mizigo ya watu, hadi upande wa pili wa sitaha. Viazi vikabaki kwenye sahani. Hakuna aliyeweza kuvila, basi Mganda mmoja aliyekuwa karibu akauliza kama vina mwenyewe, akaambiwa havina.

Meli ilipofika Bukoba, Bonareri alishuka katikati ya watu. Hakugeuka. Heshima ilitaka asigeuke, naye alikuwa mwanamke wa heshima. Machogu alimtazama mpaka gatini kwa jicho la pembeni, na hata hilo halikuruhusiwa. Safari iliyobaki alikaa karibu na bomba lake la moshi. Aliambiwa asogee, akasogea, na hakupata raha yoyote.

Nyumbani hakumwambia mtu. Wazee wangetaka mbuzi wa kutakasa, na kabla ya mbuzi wangetaka maneno. Mlikula nini, mara ngapi, mligusana wapi? Hangeweza kuruhusu kidole kile cha Mwanza kijadiliwe na Ombui.

Baada ya miezi kadhaa Nyaboke alijifungua mtoto wa kiume, na mama yake akaja kutoka Nyamache na kapu la unga wa wimbi na jogoo. Ombati alimwarifu baba mapema, kama inavyopasa, ili apishe. Machogu alitoka asubuhi, akashinda sokoni Kebirigo ingawa haikuwa siku ya soko. Alikaa kwenye jiwe mbele ya duka lililofungwa. Watu wawili watatu walimwuliza anamngoja nani.

Wakati wa meli ukafika tena. Machogu alilitoa koti, akalipiga vumbi, akalitazama, akalirudisha. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Akipanda yeye, na Bonareri naye akiwamo, mama wa watu atashinda safari nzima amejifunika uso, akila amegeukia bati. Meli ni moja na sitaha ni moja. Yeye Machogu amezunguka mara za kutosha, na kwa kweli raha ilikuwa imetoka. Bonareri ndiye mwenye jembe na mwenye kuitwa-itwa. Acha apate kukaa, watu wampite. Wazo hilo lilimtia joto kidogo. Lilikuwa kitu cha pekee alichoweza kumpa, na kumpa bila kuvunja kitu.

Siku ile lori lilipopita kuelekea Kisumu, Ombati alimkuta baba yake nje.

"Tata, mwaka huu huendi?"

"Mguu," Machogu akasema.

"Ajabu," Ombati akacheka. "Mama yake Nyaboke naye amekataa. Mwaka jana alikwenda, kila mtu akasikia habari za meli. Sasa ametuma neno kwamba hakanyagi tena, inamchosha, wa Bukoba aje mwenyewe kama anamtaka."

Machogu alitaka kusema, mwambieni aende. Mwambieni melini hakuna mtu. Lakini neno hilo lingepelekwa na nani? Lingepita kwa Ombati, likapita kwa Nyaboke, na kila mmoja angesimama kidogo na kuuliza, baba amejuaje?

"Tata?"

"Ni kweli," mzee akasema. "Meli inachosha, hasa watu wazima. Mama wa watu amefanya vyema kukaa nyumbani."