Kinda la Mwewe na Mluzi wa Baba

Kituoni walimbandika jina la Redio siku ile ile aliyofika, kwa sababu alisalimia kila mtu, na wanyama, na karibu asalimie hata ndoo. Alikuwa ametoka kumaliza sekondari, na tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila ya kuhifadhi wanyama pori. Sasa alikuwa hapa, kwenye kituo cha kutibu wanyama waliojeruhiwa, akifagia vizimba na kunuka kinyesi kuanzia visigino hadi utosini, na moyo ukimchezea ngoma.

Kisha Daktari, mama mfupi asiyecheka ovyo, akamkabidhi kinda la mwewe aliyeanguka na kiota chake mti ulipokatwa.

"Sikiliza, mwanangu. Huyu hatakiwi kujua kwamba chakula kinatoka kwa binadamu." Akampa glavu iliyoshonwa kwa umbo la kichwa cha mwewe, na mdomo wa ngozi. "Pitisha mkono kwenye tundu la pazia. Asikuone, asisikie sauti yako. Akituzoea, hatutaweza kumwachia. Ataishi kizimbani mpaka afe."

"Redio anyamaze?" akadakia kijana aliyefagia naye. "Daktari, bora ungemwambia mwewe azibe masikio!"

Redio akanyamaza kweli. Kila mara kinda alipochomoa kipande cha nyama kwenye glavu, Redio alijiuma midomo asipige kelele za furaha. Manyoya yakaota, mabawa yakapanuka.

Asubuhi moja Redio alikuwa chumba cha pili akikatakata nyama, kinda akaanza kulilia chakula kabla pazia halijaguswa. Daktari akatokea mlangoni.

"Nani anapiga mluzi?"

Redio akashika mdomo. Ulikuwa mluzi wa marehemu baba yake, aliokuwa akiupiga jioni akikaribia nyumbani na mkate kwapani, na watoto wakatoka mbio kumpokea. Redio hakujua kwamba huwa anaupiga. Ulimtoka wenyewe, mikono ikiwa na kazi.

"Ameshajua mluzi ni chakula," Daktari alisema. "Akiachiwa, mpita njia yeyote akipiga mluzi, huyu atashuka. Na si kila mtu ana nyama mkononi. Wengine wana mawe."

Tangu siku hiyo, kabla ya kushika kisu Redio alipiga funda la maji akalibana mdomoni, akakata nyama mashavu yamevimba.

"Redio imeingia maji!" yule kijana akapiga ukelele. Redio akataka kumjibu, maji yakamtokea puani.

Hata nyumbani alijizuia, ili mdomo usahau. Mama yake akavumilia, mwisho akashindwa.

"Mbona siku hizi hupigi mluzi? Nilikuwa nikiusikia kutoka jikoni, najifanya sijui ni wewe."

"Nivumilie, mama. Utarudi."

Siku ya kumwachia mwewe, walibeba kizimba hadi ukingo wa bonde, wakafungua. Ndege akaruka kwa pupa, akatua juu ya mti mkavu.

"Haya," Daktari akasema. "Piga mluzi."

"Daktari!"

"Piga. Akija, anarudi kizimbani leo leo. Bora tujue sasa."

Midomo ilikuwa imemkauka. Aliilamba, akapiga kwa nguvu, kama baba alivyokuwa akipiga kwenye kona ya nyumba. Mwewe akainamisha kichwa, akawatazama. Usije, Redio akaomba kimoyomoyo. Tafadhali, usije.

Mwewe akajitupa hewani, akawapa mgongo, akateremka bondeni kama jiwe. Alipoibuka alikuwa na panya kwenye kucha.

"Amenidharau!" Redio akamrukia Daktari shingoni. "Umeona? Amenidharau kabisa!"

Daktari akacheka mpaka miwani ikamwenda upande. "Kesho uwahi. Kuna ngedere amevunjika mkono. Huyo ni wako."

Jioni hiyo Redio alianza kupiga mluzi tangu kona ya mwisho. Hakugonga mlango. Mama yake alikuwa ameshaufungua, amesimama pale na mwiko mkononi.