Mlango wa Saba

Nilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, nikifuta majina kwenye nakala za mahojiano, mdogo wangu alipoingia na chai. Yeye ndiye aliyenitembeza mtaani kuzungumza na walioona majirani wakichukuliwa na askari wasiovaa sare.

Jarida litakalochapisha utafiti wetu limetaka kila dai liambatane na mahojiano yake, yawekwe kwenye hifadhi ya wazi, msomaji ajihakikishie mwenyewe. Sikupinga. Miaka mingi tumeandika "shahidi mmoja alisema", na watu wakalazimika kutuamini tu. Nakala kumi na mbili za kwanza zilifunguliwa kwa umma Jumatatu.

Mdogo wangu aliinama kwenye kompyuta, akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Dada, majina umeyaziba vizuri. Lakini namba za nakala si ulizipanga kwa kufuata milango?"

Ni kweli. Tulianzia dukani pale kona, tukabisha hodi mlango baada ya mlango, nami nikaandika moja, mbili, tatu. Utangulizi unaeleza hivyo hivyo, na duka nimelitaja, maana nilitaka njia yetu ionekane. Namba saba ni mama mmoja fundi cherehani, aliyenitajia namba ya gari lililombeba jirani yake. Nilimwahidi hatajulikana; sasa mtu anahesabu tu milango kutoka dukani.

Nikampigia mtunza hifadhi, tunayemwita Mzee Faili. Akaniambia kwa upole kwamba faili haliondolewi hifadhini bila barua yenye saini ya kamati, na kamati inakaa kesho saa tatu. Nikamuuliza kama kuna aliyesoma.

"La saba limefunguliwa mara kumi na tisa," akasema. "Mengine hata hayajaguswa."

Nikampigia fundi. Cherehani ilikuwa ikinguruma nyuma ya sauti yake. Kabla sijasema neno, akanisimulia kituko cha leo: vijana wawili wameleta suruali mpya kabisa zipunguzwe, wakauliza anaishi na nani.

"Mwanangu, hata kupimwa hawakutaka. Wateja gani hao? Wamesema watarudi kesho."

Nikamweleza kosa langu lote. Cherehani ikasimama. Nikamwomba aende kwa binti yake leo hii. Akasema amebakiza sare mbili za shule, watoto wanazisubiri, atatoka asubuhi.

Mdogo wangu alichukua funguo za gari hata hivyo, akaenda kuliegesha mbele ya mlango wa fundi.

Barua nimeshaiandika, imebaki saini. Nimerudi ukurasa wa arobaini na moja, nazichanganya namba za milango iliyobaki. Bado nakala kumi na nane. Simu nimeiweka pale ninapoiona.