Nguzo ya Duka la Tatu

Watu wa Goma wana ukaidi wao. Vita viko kilomita chache tu nje ya mji, wanajeshi wanapanda kaskazini, wakimbizi wanashuka kusini, na katikati yao malori ya saruji yanapiga honi yapishwe. Ilikuwa hivyo mwezi wa tisa, mwaka 2012, Honoré alipokata shauri kulifanya upya jengo aliloachiwa na baba yake.

Jengo hilo liliitwa Immeuble Ngeleza, kwa jina la marehemu mzee. Lilikuwa na orofa nne, ingawa mgeni angehesabu tatu tu. Ile ya chini kabisa ilikuwa imezikwa. Volkano ilipomwaga moto wake mjini miaka kumi nyuma, ulipita barabarani, ukaingia maduka ya chini bila kubisha hodi, ukayajaza hadi darini, kisha ukapoa ukawa jiwe. Wenye maduka walilia siku mbili, siku ya tatu wakaleta nyundo. Walipanua madirisha ya ofisi za juu, ambayo sasa yalikuwa sawa na barabara, wakayafanya milango, na biashara ikaendelea pale ambapo zamani makarani walikuwa wakigonga mihuri.

Miongoni mwao alikuwa Kasoki, mjane wa miaka hamsini na minane, muuza vitenge, mzaliwa wa Butembo. Kwa miaka kumi hiyo alikaa kwa maneno ya mdomo tu, bila karatasi. Sasa Honoré alikuwa amemwahidi duka la pembeni, lenye vioo pande mbili, kwa mkataba wenye sahihi na muhuri. Mtu aliyewahi kuunguliwa mali mara moja na kuporwa mara mbili anajua uzito wa ahadi kama hiyo. Kasoki aliwasimulia wateja wake wote habari za vioo vile, hata waliokuja kuuliza bei tu wakaenda zao.

Kazi ilianza Jumatatu, kwa kuchimba. Honoré alitaka jiwe lote la chini litolewe, maduka yaliyozikwa yawe ghala na maegesho ya magari. Nyundo ya kwanza ilipogonga chini ya miguu yake, Kasoki alitakiwa kufurahi. Badala yake alikumbuka jambo ambalo kwa miaka mingi alikuwa amelisahau kwa makusudi.

Mwaka 1995 mji ulikuwa umefurika wakimbizi wa Rwanda, na mashirika yalinunua blanketi, sabuni na madumu kwa malori. Grégoire, mume wa Kasoki, alipanga maduka mawili yaliyokuwa jirani, la pili na la tatu, akauvunja ukuta wa kati. Ikabaki nguzo moja, wima, katikati kabisa ya duka la tatu. Grégoire aliichukia nguzo ile kama mtu anavyomchukia shemeji asiyetaka kurudi kwao. Alisema inakula nafasi ya marobota arobaini. Basi Jumapili moja, mzee Ngeleza akiwa kwenye Misa, Grégoire na fundi mmoja waliikata, wakaficha kidonda cha dari kwa ubao mwembamba wa triplex uliopakwa chokaa nyeupe. Kasoki ndiye aliyeshika ngazi. Wiki iliyofuata mlango wa ofisi ya juu ulianza kukwama, wakajitia hamnazo, wakasema ni mbao zimevimba kwa mvua. Mzee Ngeleza mwenyewe alikuja akazungusha macho, akawasifu jinsi walivyolipanga duka mpaka likaonekana pana.

Kisha volkano ikaja, na jiwe likajaa pale nguzo ilipokuwa. Mji mzima ulililaani jiwe lile. Kasoki peke yake, hasa baada ya kumzika Grégoire, alijua kwamba ndilo lililobeba jengo.

Na sasa walikuwa wanalitoa. Jumatatu Kasoki alinyamaza. Alijiambia kwamba injinia amesoma, ataona mwenyewe. Jumanne alijikaza, akashuka na kumuuliza kwa mzaha anajuaje nguzo ziko wapi humo gizani. Injinia alikuwa kijana mpole wa Bukavu, jina lake Birindwa. Alimfunulia michoro ya zamani, akamwonyesha nguzo kumi na mbili, zote mahali pake, na ile ya Grégoire ilikuwamo. Alisema wafanyakazi wanatoa jiwe tu, nguzo hawazigusi, na kwamba kesho watafika duka la tatu. Kasoki alimshukuru, akarudi juu, akauza kitenge kimoja bila kujua alikuwa anamuuzia nani.

Nitamsema, ingawa nampenda. Hakuwa mjinga, na alijua vizuri kwamba juu kulikuwa na watu. Katika orofa iliyokuwa juu ya duka la Kasoki, Honoré alikuwa amewaruhusu watu waliokimbia vita vya mji wa Kiwanja wakae hadi mwisho wa mwezi, familia saba kwenye ofisi tupu. Mmoja wao, Mukantwari, mwanamke aliyekuja peke yake, alishinda kila siku mlangoni pa Kasoki akikunja pindo za vitenge kwa mkono, na walikula sahani moja. Lakini Kasoki alikuwa anaviona vioo vile pande mbili, navyo vilimziba mdomo siku mbili nzima.

Jumatano asubuhi Mukantwari alichelewa kushuka. Aliketi, akatia uzi kwenye sindano, akaomba radhi. Alisema mlango wao umekwama leo, wameusukuma wanne kwa mabega ndipo ukafunguka, na ajabu ni kwamba mvua haijanyesha.

Kasoki aliweka mkasi chini. Alishuka ngazi za mbao mpaka kwenye shimo, akapita katikati ya wanaume wenye nyundo, akaenda kusimama mbele ya Birindwa.

"Musimamishe kazi," alisema. "Hapo mbele hakuna nguzo."

"Mama, iko kwenye plan."

"Kwenye plan iko. Shiye tuliivunja, miye na bwana yangu. Miye nilishika ngazi."

Birindwa hakubishana. Alimwomba aonyeshe mahali. Kasoki alianza kwenye kona ya ukuta wa zamani, akahesabu hatua tisa, akaweka kiganja juu ya jiwe. Injinia alisogeza taa, akagongagonga na kukwangua mpaka juu, akaona ubao wa triplex ulioungua na juu yake vyuma vilivyokatwa. Uso ulimbadilika. Aliwaambia wafanyakazi waweke nyundo chini polepole, watoke mmoja mmoja, mtu asikimbie.

Honoré alifika baada ya nusu saa. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. Alisema baba yake alimtaja Kasoki mpaka siku za mwisho kuwa mpangaji mwaminifu kuliko wote. Alisema duka lile la pembeni litatafutiwa mtu mwingine. Kasoki alijibu kwamba anajua. Roho ilimuuma, lakini ilimuuma mahali safi.

Jioni jengo lote lilipaswa kuwa tupu mpaka nguzo za chuma ziletwe. Lori la kwenda kambi ya Kanyaruchinya lilikuwa limeshawasha injini, na familia za Kiwanja zilishusha sufuria na magunia. Mukantwari alishuka wa mwisho, godoro kichwani. Alilitua barabarani, mbele ya Kasoki aliyekuwa amesimama na marobota yake.

"Ulijua tangu lini kama iko hatari?"

Kasoki angeweza kusema tangu leo. Hakuna ambaye angemshtaki.

"Tangu juzi asubuhi. Nilitaka lile duka."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga Kasoki, naye hakuyafuta. Dereva alipiga honi. Wale waliokwisha kupanda waliita kwa Kinyarwanda kwamba nafasi inaisha.

"Nyumba yako iko na byumba bingapi?" Mukantwari aliuliza.

"Bibili."

Mukantwari aliwapungia mkono wale wa lori waende. Kisha aliinama, akashika pembe mbili za godoro.

"Basi shika huko," alisema. "Na utembee mbele, miye sijue njia."