Mbuzi ya Leta

Yaya yangu Kapya, kaka wa tumbo moja, kila muntu mwenye kupita, anamusimamisha na kumuuliza mukoka yake, ni kusema ukoo ya bankambo yake. Hakuna wa kumuponyoka. Sœur ya kanisa, polisi, muzungu wa duka: "We uko wa mukoka gani?" Ukisema, anacheka, anakushika mukono. Ukikataa, anakufuata mpaka kwako, anakaa ku mulango, na bibi yako atakuuliza maswali.

Iko mukubwa kwangu, iko na ndevu, lakini akili yake inatembea na miguu wakati akili ya bengine inapita na kinga, ile baiskeli, inapiga kengele. Bouton ya shati inamushinda. Kuhesabu, anafika ku tatu, anarudilia ku moja. Lakini ile mikoka yote nkambo yetu mwanamuke, nyanya yetu, alimufundisha akiwa mutoto, ile hakusahau hata moja. Bantu ba mvua, bantu ba tembo, bantu ba boga, bantu ba bukari, ni kusema ugali. Miye nilifundishwa pamoja na yeye, sikushika kitu.

Miye ni Mutale. Masomo niliacha ku cinquième primaire, darasa ya tano, juu mwalimu alikuwa anasema polepole sana. Kisha niliuzisha mikate, nikachoka. Nilitengeneza makinga, nikachoka. Nilipiga ngoma ku animation ya zone, ile michezo ya kusifu bakubwa ba serikali, pale nilichoka kidogo tu. Na ile mwezi yenye ninasemea, yomba yangu wa Kipushi, kaka ya mama, alinitumia habari: ku mugodi banakamata bijana. Nyumba, bunga ya bukari, bottes ku miguu, kofia ya nguvu ku kichwa. Nifike mbele mwezi iishe. Ile habari ilinikuta nimelala, na toka siku ile nilianza kulala na viatu.

Kintu moja tu ilinifunga, ni Kapya. Baba alikufa zamani. Mama anauzisha samaki ya kukauka ku soko, anatoka na giza. Muntu wa kubakia na Kapya muchana ni nani? Si ni miye. Lakini kulikuwa nyumba moja ku Bel-Air, ya Mama Adolphine, yenye kupokea bantu kama Kapya. Asubui banafika, banalima mboga ya lenga-lenga, banasuka bitunga, saa sita banakula bukari, mangaribi banarudia kwabo. Ile nyumba Leta njo ilikuwa inailisha. Leta, tunasema serikali. Leta inatoa bunga, mafuta, samaki ya mukebe, na mushahara ya Mama Adolphine. Kapya alikuwa anaenda kule anaimba. Siku ya mungu, nyumba ikifungwa, anasimama ku barabara na sahani yake anangojea.

Kisha bunga ikaacha kufika. Mama Adolphine akasikia ku bureau kama délégué mumoja, mutumwa wa Leta, atakuja kuangalia kama ile nyumba inafaa kulishwa ao inafaa kufungwa. Mama yangu alisikia ile, aliniangalia mu viatu.

"Ile nyumba ikifungwa," alisema, "Kipushi utaiona mu ndoto."

Basi nilikimbia kwa Mama Adolphine kumuuliza tufanye namna gani. Alikuwa amefikiri. Ile wakati, mukubwa yeyote wa Leta hakuweza kushuka mu mutuka kama hamumuchezee. Angebakia ndani, vitre, kioo ya mulango, imepanda, mpaka muanze kutikisa biuno. Kwa hiyo mpaka tufanye animation, na mwenye kuiyua ni miye.

Nilifundisha ile bantu kucheza juma muzima. Ninawaambia kweli: banacheza muzuri kupita ba zone. Ba zone banacheza juu banaogopa. Hii banacheza juu banapenda. Lakini kila muntu na sheria yake. Clotilde, dada munene wa kucheka-cheka, hachezi kama hana ndoo ya maji ku kichwa. Tulijaribu kumutosha ndoo, alikaa chini kama mutuka yenye haina essence. Mwaba, yeye, anapiga makofi wakati bengine bamemaliza. Unaweza kuwa unakula, unasikia kule inje paa, paa, paa, ni Mwaba anamaliza wimbo ya asubui. Na wote pamoja, kintu moja haikuingia: kusimama. Kuanza, banaanza. Kusimama, hapana. Unaacha ngoma, beko banaendelea bila ngoma.

Mama Adolphine aliona ile na alisema si kitu, Leta nayo haiyue kusimama. Lakini kwa Kapya alikuwa na woga. Mwaka yenye ilipita, mukubwa mumoja alifika, Kapya alimuuliza mukoka, ule mukubwa akajibu bila kufikiri, na Kapya alimuvuta ndevu mbele ya bantu yote. Kwa hiyo Kapya atafungiwa mu kitchini na sufuria ya viazi, amenye viazi, asitoke. Miye njo nilifunga mulango. Alinionyesha kiazi ya kwanza yenye alimenya, nikamusifu, nikatoka.

Délégué alifika saa ya jua kali. Citoyen Kalaba. Abacost nyeusi, ile koti ya bakubwa, miwani nyeusi, na ku kichwa kofia ya ngozi ya chui, sawa ile yenye unaona ku photo ya Président mu bureau yote. Chauffeur yake alimufungulia mulango. Nilipiga ngoma. Bakaanza.

Mwanzo ilikuwa muzuri. Citoyen Kalaba alisimama muguu pamoja, anapiga makofi kidogo vile bakubwa banapiga, na bidole. Nilipiga ngoma ya kumalizia. Habakumaliza. Nilipiga tena. Nikaacha ngoma, nikaweka mikono nyuma. Bakaongeza mwendo. Citoyen Kalaba hakuyua, angeacha makofi ao aendelee. Kuacha animation katikati, ile wakati, ni mambo ya kuitwa ku polisi. Basi akaendelea. Jasho ikamutoka chini ya kofia. Alianza kutikisa bega moja, kisha ya pili. Mwishoni Clotilde, kwa furaha ya kuona mukubwa anacheza, alimuinamia kumusalimia vile mama yake alimufundisha, na ndoo ikafuata kichwa.

Kila muntu akasimama. Kumbe dawa ilikuwa maji.

Citoyen Kalaba alikaa ku kiti tulimuwekea, viatu yake inafanya choko-choko. Mama Adolphine alimupangusa, alimuomba pole, alimuonyesha shamba ya lenga-lenga, bitunga, sahani zenye kupangwa. Alimuambia hii bantu mbele ya kufika hapa bengine balikuwa banafungwa kamba ku miguu ya kitanda, juu jamaa inaenda kutafuta chakula. Hakulia, hakupiga magoti. Alisema tu mambo vile iko.

Citoyen Kalaba alitosha miwani. Alikohoa. Akatuambia kama hii nyumba ni mawazo ya kizungu. Kwa bankambo hakukuwa nyumba ya namna hii, muntu dhaifu alikuwa anachungwa na jamaa yake. Leta haiwezi kuwa mama ya kila muntu. Turudilie desturi, njo authenticité. Desturi ikiamuru, hata yeye Kalaba anaitika. Kisha aliniangalia na ngoma yangu, aliuliza kama huyu kijana na mikono minene hivi hana muntu ku nyumba wa kuchunga.

Niliona Kipushi inaondoka bila miye, na kofia yangu ya nguvu ndani.

Palepale, paa, paa, paa. Ni Mwaba, anamaliza animation. Bote bakageuka kumuangalia, na katika ile kugeuka hakuna mwenye aliona mulango ya kitchini. Mulango nilikuwa nimefunga, dirisha nilisahau. Kapya alikuwa mbele ya délégué, kiazi mu mukono, shati imefungwa bouton ya juu mu tundu ya chini.

"Baba, we uko wa mukoka gani?"

Mama Adolphine alitikisa kichwa nyuma ya délégué, alifanya na mikono ishara ya kufunga, ya kukata, ya kuzika. Lakini Citoyen Kalaba alikuwa ametoka kusema mambo ya bankambo mbele ya bantu. Atakataa namna gani kutaja mukoka yake? Aliinua kidevu.

"Miye ni mwina Ngo. Siye bantu ba chui."

Kapya aliangusha kiazi. Uso yake yote ikafunguka.

"Miye mwina Mbushi," alisema. "Bantu ba mbuzi."

Chauffeur aliweka mukono ku kinywa. Citoyen Kalaba alifunga macho, kama muntu mwenye kusikia pneu inatoa hewa.

Kama haukuzaliwa huku, sikiliza. Chui na mbuzi beko banungwe, ni butani ya toka zamani. Munungwe yako anaweza kukutukana mbele ya bibi yako. Anaweza kukamata kintu yako na kuenda nayo. Weye hapana kukasirika. Ukikasirika, bazee banakulipisha, na bantu banakucheka mpaka kwa bajukulu. Na siku utakufa, jamaa yako banakaa chini kulia. Mwenye kukuosha na kukutia mu shimo ni yeye, munungwe. Kwa hiyo unamuheshimu kwa kuacha akutukane.

Kapya alianza kazi. Kwanza alizunguka kiti moja muzima, anaangalia. Kisha alikamata ile kofia ku kichwa ya délégué, aliigeuza-geuza, akamuuliza, na sauti ya huruma:

"Ngozi ya baba yako njo unavaa ku kichwa?"

Chauffeur alienda nyuma ya mutuka. Tulisikia tu mutuka inatikisika.

Kapya akavaa ile kofia. Ile kofia unaweza kufungwa nayo. Akamusukuma délégué kidogo na kiuno, akakaa naye ku kiti, nusu-nusu. Akamuambia ni chui ya meno ya maziwa, chui ya kulowana, chui yenye kunuka kuku. Citoyen Kalaba alikuwa anacheka vile unacheka kwa docteur wa meno. Alisema tu, polepole, "Eee, munungwe. Eee, ni kweli." Angefanya nini? Dakika kidogo tu ilikuwa imepita toka aseme desturi ikiamuru anaitika.

"Nina njaa," Kapya akasema. "We uko na tumbo, miye sina. Utanipa bunga."

"Nitakupa, munungwe. Mufuko ngapi?"

"Tatu."

"Tatu. Bulongo, ni muzuri." Citoyen Kalaba alianza kusimama, raha imemurudilia mu uso. Mufuko tatu na jambo imekwisha.

Kapya alimurudisha chini na bega. "Kisha tatu," alisema. "Kisha tatu. Kisha tatu."

"Mpaka wapi?"

Nilikuwa ninayua kama Kapya hana kwenye anaendaka kisha tatu. Lakini alifikiri, kweli, mudomo wazi, macho ku lenga-lenga.

"Mpaka siku nitakuzika."

Pale hakuna mwenye alicheka. Citoyen Kalaba alimuangalia, ndevu yake, bouton yake, ile kofia. Kisha kitu kikamupasuka mu kifua na alicheka kabisa, cheko ya kijiji, ya kupiga mapaja, maji inatoka mu viatu. Alituambia kama miaka yote iko mu hii muji banamuchezea tu, banamuchezea, hakuna hata mumoja wa kumutukana. Alianza kuogopa kama siku atakufa hapa Lubumbashi atazikwa na animation. Alimuomba Mama Adolphine karatasi, akaisainia palepale ku goti ya Kapya. Bunga itafika kila mwezi, na mafuta, na samaki, na mushahara.

Miye nilikuwa nimekwisha kufika Kipushi. Nilikuwa ninachagua bottes.

Citoyen Kalaba alifika ku mutuka, muguu moja ndani. Akasimama. Akasema mbuzi bamemukula mbele ya chauffeur yake, na chui hawezi kurudia ku pori tumbo bule. Akanionyesha na kidole.

"Huyu wa ngoma iko nani?"

"Mudogo wa Kapya," Mama Adolphine alijibu mbio-mbio, mwanamuke mubaya. "Tumbo moja."

"Donc mwina Mbushi."

Alirudia, alinikamata ku shingo ya shati vile unakamata kintu ku soko. Alisema hii nyumba haina moniteur, mwalimu wa kuchunga bantu, na yeye munungwe anakamata hii mbuzi, anaitia mu kazi. Leta itailipa. Nilifungua kinywa kumuambia mambo ya Kipushi, ya yomba, ya kofia ya nguvu. Nilikuwa ninataka kukasirika, ninaapa. Lakini nilikuwa mbele ya bantu, na Kapya alikuwa ananiangalia chini ya ile ngozi ya chui, ananingojea.

"Eee, munungwe," nilisema.

Mwaba alipiga makofi kesho yake asubui.

Mama yangu alisikia ile habari ku soko, alicheka mpaka jirani akamuchungia samaki. Yomba akachukua kijana mwingine. Na miye, mwenye hakumaliza kazi hata mwaka moja, niko hapa Bel-Air ninafundisha Clotilde kutembea na ndoo ya bule, bila maji.

Bunga ya Leta inafika. Ikichelewa, Kapya anavaa ile kofia ya chui, sasa ni yake, ninamupandisha nyuma ya kinga, tunaenda ku bureau ya Citoyen Kalaba, na Kapya anasimama pale ku mulango anauliza kila muntu mukoka yake. Mara ya mwisho planton, mulinzi wa mulango, alijibu kama naye ni mwina Ngo. Tulirudia na bunga na kiti ya planton.