Wanawake Ambao Hawakutia Sahihi

Jumatano moja, saa kumi na moja jioni, Esnah Nyanchama alikuwa akifuta vumbi kwenye mikoba ya mitumba mlangoni pa chumba chake cha kupanga huko Nyanchwa, pale Valentine, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amepanda ndege kwenda Doha, alipofika na begi lake akaomba maji ya kunywa. Esnah alimpa maji. Huyu alikuwa yule Valentine ambaye hakwenda. Wiki mbili kabla, Valentine alikuwa ameketi chumbani humo akitazama kadi, akaamua kusafiri, na sasa yule ambaye angebaki alihitaji mahali pa kuanzia. Alilala kwa Esnah siku nne, kisha akaenda kwa mamake, ambaye alifurahi sana na kumrudishia kitanda chake.

Kadi zenyewe zilitoka ndani ya mkoba. Esnah alikuwa amenunua bunda la mikoba katika soko la Daraja Mbili, akapapasa mfuko wa ndani wa mkoba mmoja wa ngozi, akakuta kadi za tarot, zile za kutazamia bahati, zilizochakaa pembe. Hakuzijua hata kidogo. Alijifunza kwa video za simu, halafu akaanza kujizoeza kwa majirani wenye maamuzi mazito: aolewe au asiolewe, ang'oe chai apande avokado au avumilie. Alilaza kadi tatu. Ya katikati ilikuwa mtu mwenyewe, ya kushoto ilikuwa njia moja, ya kulia njia ya pili. Alieleza picha, akanyamaza. Hakuwahi kumwambia mtu achague nini, na watu walimpenda kwa hilo, maana hapo mtaani hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kunyamaza. Ijumaa jua likizama alizifungia kadi kwenye mkebe wa majani ya chai hadi Jumamosi jioni, kwa kuwa yeye ni Msabato na kazi ni kazi.

Mtu akishachagua njia moja, yule wa njia ya pili alimjia Esnah, kwa sababu kwake ndiko kadi zilikolazwa. Wengi hawakukaa. Sylvanus ambaye hakung'oa chai alikaa siku mbili tu, akakosoa jinsi Esnah anavyopika chai siku zote mbili, akarudi kwake Nyamira, ambako yeye na yule aliyepanda avokado waligawana kazi bila kelele. Waliobaki walikuwa wanawake saba, na wote saba walikuwa wamefikishwa hapo na karatasi ya aina moja.

Karatasi hiyo huja baba akishafariki. Kaka huileta imekunjwa kwenye bahasha, akafika na mkate na sukari, akaongea habari za mvua. Inasema kwamba binti amekubali kwa hiari yake kuwa hadai sehemu yoyote ya shamba. Sheria inampa sehemu, kila mtu anajua, hata kaka anajua, ndiyo maana huleta mkate. Wale saba walikuwa wamelaziwa kadi, wakafikiri, wakaenda wakatia sahihi. Waliokuja kwa Esnah walikuwa wale ambao hawakutia. Katika miaka mitatu hakuwahi kumpokea hata mmoja aliyetia, kwa sababu hakuna mwanamke aliyechagua njia ile nyingine.

Saba hao walikuwa wamejaribu kwenda kwao. Kila mmoja alikuta mlango wa ua umefungwa, akaita, akajibiwa kwa heshima kwamba mambo hayo yalishamalizwa, akarudi Nyanchwa kwa miguu. Waliketi kwenye benchi refu wakitazama mlango. Hawakula, ila walipenda kushika kikombe cha moto. Mmoja wao, Purity Nyabuto, alizungumzia kijito kilichopita chini ya migomba ya baba yake karibu na Suneka, na alikizungumzia kila siku. Purity aliyetia sahihi alipopita kununua mkoba, wawili hao walisalimiana vizuri wakaulizana habari za watoto, ambao ni walewale.

Esnah alikuwa mpweke kabla wanawake hao hawajaja, na aliendelea kuwa mpweke pamoja nao. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na watu wa kuwaomba njia akienda kwenye jiko. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ndoa yake ilivunjika, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kwa mume wala mtu wa kwa baba. Mwanamke aliyerudi hivyo, akifa, hazikwi katikati ya boma na wenzake. Hutafutiwa kona karibu na mpaka, mahali ambapo hata ng'ombe hafungwi. Esnah alikuwa ameona kona za namna hiyo, na zilimtia hofu kuliko kifo chenyewe.

Mwezi wa sita kaka yake mdogo, Ochoki, alimpigia simu kutoka Nyacheki. Aliuliza afya yake, akaongea habari za mvua.

"Dada, ni kitu kidogo tu," alisema mwishowe. "Unakuja nyumbani, unaweka sahihi, tunakunywa chai. Sitaki uone kama tunakufukuza. Desemba watu wote watakuwa hapa, na wewe utakuwa. Ukizeeka, chumba cha mama ni chako. Na siku ile ya mwisho, tutakuweka kando yake. Mimi ndiye nimesema."

"Na nikikataa?"

"Sasa ukikataa, dada, tutakuwa watu wa kortini," alisema Ochoki. Hakusema kwa ubaya.

Usiku Esnah aliwaeleza wale wanawake. Hawakumshauri kitu. Walikuwa wamejifunza kwake.

Jumapili alifika Nyacheki. Boma lilikuwa limefagiliwa. Mke wa Ochoki alikuwa ameweka chupa ya chai mezani, na mzee wa kijiji, Gibson, aliyeitwa awe shahidi, alikuwa tayari ameshavaa miwani. Karatasi ilikuwa imewekewa kikombe juu isipeperuke. Esnah aliomba nafasi kidogo akaone kaburi la mama, na hakuna anayeweza kumnyima mtu jambo hilo. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, pale mistari ya chai inapoanzia. Aliketi chini, akatandaza leso juu ya saruji, akajilazia kadi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Katikati alitoka mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni akishika panga mbili. Kulia, upande wa kukataa, alitoka mwanamke aliyesimama bustanini kwake peke yake, mavuno yamemzunguka. Kushoto, upande wa kutia sahihi, alitoka mzee kwenye kiti, watu wa nyumba yake, mtoto na mbwa wawili. Esnah aliitazama ile ya kulia kwa muda. Bustani ilikuwa nzuri. Lakini alikuwa amekula chakula cha jioni peke yake kwa miaka kumi na minne, na hakutaka kitu chochote duniani kama alivyotaka kuwa mmoja wa watu wale wa kushoto, hata kama ni mbwa. Aliinuka, akaenda ndani, akatia sahihi mahali Gibson alipomwonyesha kwa kidole. Kisha akanywa chai. Ilikuwa na maziwa mengi, na kila mtu mezani alikuwa mchangamfu.

Alipotoka nyuma kuchukua leso yake aliyoisahau, alimkuta Esnah ambaye hakutia sahihi ameketi kando ya kaburi, amevua viatu. Walisalimiana.

"Huku kuna baridi," alisema yule.

Esnah alivua sweta akampa. Ochoki, aliyekuwa amemfuata dada yake amsindikize, aliwaona wote wawili. Alifikiria kidogo.

"Huyo atakaa hapo?" aliuliza.

"Nafikiri."

"Hana neno. Mradi asivunje chai."

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mtu akitokea akiwa ndani ya ua tayari, hakuna mlango wa kumfungia. Jioni hiyo Esnah aliporudi Nyanchwa na kuwasimulia wale saba, waliweka vikombe vyao chini. Purity ndiye aliyesema.

"Omong'ina, mama, nasi kadi zetu si unaweza kuzilaza huko kwetu, ndani ya ua?"

Aliweza. Alikumbuka kadi za kila mmoja, maana hakuwa na mambo mengi ya kukumbuka. Kuanzia Jumapili iliyofuata alibeba mikoba yake begani, akapita boma kwa boma kama mchuuzi, na kwa kweli alikuwa mchuuzi. Wake za kaka walimfungulia. Walipokuwa wakijaribu mikoba na kuulizana ipi inafaa kanisani, Esnah aliinama pembeni kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akalaza kadi tatu kwenye nyasi. Akinyanyuka, mwanamke alikuwa ameshafika. Kwa akina Purity alitokea chini kwenye migomba, miguu ikiwa ndani ya kijito. Kaka yake alimtazama, akamtazama Esnah, akauliza kama ule mkoba mweusi zipu yake ni nzima.

Ilichukua Jumapili saba. Kila Jumapili benchi lilibaki na nafasi zaidi, na Esnah alikuwa akihesabu bila kutaka. Yule wa mwisho alikuwa mama mmoja wa kuelekea Nyamira ambaye hakuwa amesema maneno ishirini tangu afike. Asubuhi ya kuondoka aliosha kikombe chake, akakifunika, akamwambia Esnah asante. Jioni Esnah alirudi kwenye chumba kisicho na mtu, akakaa kwenye benchi mahali pao, akatazama mlango. Alilia kidogo. Kisha akaona kwamba hakupika, akaenda kupika.

Huko mashambani mambo yalitulia haraka. Wachumaji chai walipofika alipo mwanamke walipita kando yake, wakaendelea na mstari. Katika baraza moja chifu alisema kwamba akina mama hao wasisumbuliwe, kwamba hawali, hawagombani, na kwamba kuwepo kwao hakubadilishi chochote kwenye hati za mashamba, hivyo watu waendelee na taratibu zao za urithi. Watu walipiga makofi. Kaka kadhaa walikiri kwamba ni rahisi kuishi na dada wa namna hiyo. Karatasi ziliendelea kuletwa pamoja na mkate, na wanawake waliendelea kutia sahihi, wengine wakisema afadhali, maana sasa angalau mmoja wao angekuwa nyumbani. Walimwomba Esnah aje awalazie kadi hukohuko kwao. Alienda.

Ochoki hakupiga simu tena. Mwezi wa saba Esnah alijiambia kwamba kaka yake ana shughuli za kuchuma chai. Mwezi wa tisa alijiambia ni ada za shule. Mwishoni mwa Novemba alinunua kitenge kwa ajili ya mke wa kaka yake, akakikunja vizuri, kisha akapiga mwenyewe.

Ochoki alifurahi kumsikia. Hati ilikuwa imetoka, jina ni moja, lake. Chai ilikuwa nzuri. Yule wa kando ya kaburi naye hakuwa na shida yoyote, watoto walikuwa wamemzoea hata wanamwita shangazi, na mvua ikinyesha mke wake humpelekea mwavuli.

"Nafurahi," alisema Esnah. "Sasa Desemba nije tarehe gani?"

Ochoki hakuelewa swali. Nyuma yake zilisikika sauti za watoto na mtu akiita kuku.

"Dada," alisema kwa upole, "si uko hapa tayari? Hata pale kando ya mama umeshapachukua."

Esnah alisema ni kweli, alikuwa amesahau. Akamwomba awasalimie wote nyumbani.